Sura ya Sita: Kuuza Gitaa la Besi Lililopendwa

Mtu anayeuza gitaa la besi la bei ghali alilokaa nalo miaka mingi huuza vitu viwili kwa pamoja, na mnunuzi hununua kimoja. Kimoja ni chombo chenyewe: mbao, chuma, nyaya na sauti. Cha pili ni miaka aliyokaa nacho, yaani harusi, ibada, kumbi, safari za usiku, na jinsi mkono ulivyozoea unene wa shingo ile hata vidole vikawa vinaenda vyenyewe. Mnunuzi hailipii miaka hiyo, wala hana sababu ya kuilipia, kwa kuwa haikuwa yake. Mauzo mengi hukwama hapa. Mwenye mali hutaja bei iliyobeba kumbukumbu zake, mnunuzi hutaja bei ya kitu anachokiona mbele yake, kila mmoja humwona mwenzake hana haki, na gitaa hurudi ndani ya kasha. Katika sura hii natetea msimamo mmoja: mapenzi yaondolewe kwenye bei na yawekwe kwenye ushahidi. Aliyelipenda gitaa ndiye anayelijua kuliko mtu yeyote, na ujuzi huo, ukiandikwa, ukipigwa picha na ukiweza kukaguliwa, mnunuzi yuko tayari kuulipia.

Kwamba umiliki peke yake hupandisha bei kichwani mwa mwenye mali ni jambo lililopimwa. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipewa vikombe vya kawaida vya chuo, wenzao wakabaki bila, kisha wote wakaachwa wafanye biashara. Waliopewa vikombe walidai takriban mara mbili ya fedha ambazo wasiopewa walikuwa tayari kutoa. Hao walikuwa wamekaa na vikombe kwa muda mfupi tu ndani ya darasa, na hakuna aliyekuwa amenywea chai hata mara moja. Basi tufikirie hali ya mtu aliyepiga gitaa moja miaka 20. Hatuna haki ya kumcheka, maana hisia yake ni ya kweli na ni ya binadamu wote. Lakini anapaswa kujua kwamba namba inayomjia kichwani kwanza si kipimo cha soko. Soko hupimwa kwa bei ambazo magitaa ya aina ileile, ya miaka ileile na hali ileile, yameuzwa na fedha zikalipwa. Bei zinazotajwa kwenye matangazo ni maombi. Tangazo likikaa mwaka mzima bila mteja, linachoonyesha ni bei ambayo watu wameikataa.

Upande wa pili wa jambo hili ni hofu ya mnunuzi, nayo pia ina nadharia yake. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi ambayo baadaye ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapoyajua mabovu na mnunuzi hayajui, mnunuzi hujilinda kwa kulipa bei ya kitu cha wastani, kwa sababu hawezi kutenganisha kizuri na kibovu. Wenye vitu vizuri wakiona bei hiyo haiwatoshi, hujitoa sokoni, na vinavyobaki huzidi kuwa vibovu. Gitaa la besi la bei ghali liko katika hali hiyohiyo. Kwa nje linang'aa. Yaliyomo ndani ya shingo, chini ya rangi na nyuma ya vibao vya plastiki hayaonekani. Anayelipa maelfu ya dola bila kuona ndani hulazimika kukata bei kwa ajili ya kila ubaya anaoweza kuufikiria. Kila jambo ambalo muuzaji analithibitisha humwondolea mnunuzi sababu moja ya kukata, na mapenzi ya mwenye mali hugeuka fedha kwa njia hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa magitaa ya Fender ya zamani. Leo Fender alilitoa Precision Bass mwaka 1951 huko Fullerton, California, na Jazz Bass likafuata mwaka 1960. Mwezi Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, na tangu hapo wapenzi wa magitaa wameitumia tarehe hiyo kama mpaka: yaliyotengenezwa kabla ya CBS hutafutwa zaidi na hulipiwa zaidi. Jazz Bass la mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambalo halijabadilishwa chochote huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Kwa hiyo tofauti ya miaka michache ina thamani ya fedha nyingi, na penye fedha nyingi huzaliwa udanganyifu: shingo ya mwaka mmoja hufungwa kwenye mwili wa mwaka mwingine, kibati chenye namba huhamishwa, rangi mpya huchakazwa makusudi. Muuzaji mwaminifu hujikuta anatiliwa shaka kwa makosa ya watu asiowajua. Kulalamika hakumsaidii. Kinachomsaidia ni bisibisi.

Afungue gitaa na apige picha. Alegeze nyuzi, atoe skrubu nne za kibati cha nyuma, ainue shingo taratibu kutoka kwenye mfuko wake, na kwenye kisigino cha shingo aonyeshe tarehe iliyoandikwa kwa penseli au kupigwa mhuri kiwandani. Kisha afungue sehemu ya vidhibiti vya sauti. Nyuma ya kila kidhibiti, yaani potenshomita, pana namba iliyogongwa kwenye chuma. Ikisomeka 3046342, tarakimu 304 zinamtaja mtengenezaji, yaani Stackpole, 63 ni mwaka na 42 ni wiki. Potenshomita hiyo haituambii gitaa lilikamilika lini. Inatuambia kwamba kama ndiyo iliyofungwa kiwandani, gitaa halikukamilika kabla ya wiki ya 42 ya mwaka 1963. Ikiwa tarehe ya shingo, namba za potenshomita na namba ya kibati zinakubaliana, mnunuzi ana mashahidi watatu wasiofahamiana. Aangalie pia lehemu. Iliyochomewa kiwandani huwa imepoteza mng'aro na kukamata vumbi la miongo mingi, ilhali iliyochomewa jana hung'aa na mara nyingi huacha alama za waya wa zamani pembeni. Kama pikapu moja, yaani kinasa sauti cha nyuzi, ilikufa ikasukwa upya, picha itaonyesha, na risiti ya fundi itaeleza. Jambo likielezwa na muuzaji mwenyewe huwa ni matengenezo. Mnunuzi akiligundua peke yake, huliona hila.

Kosa linalogharimu kuliko yote hutendwa kwa nia njema, nalo ni kulipamba gitaa kabla ya kuliuza. Mtu huona mikwaruzo, anaona aibu, anampelekea fundi alipake rangi upya. Wafanyabiashara wa magitaa ya zamani wana kanuni yao ya jumla kwamba rangi mpya hukata karibu nusu ya thamani ya gitaa la kale lenye rangi yake ya asili, hata kama kazi ya rangi ni safi kabisa. Sababu inaeleweka: rangi ya asili ni ushahidi, na aliyeifuta amefuta sehemu ya kumbukumbu za gitaa. Uchakavu wenyewe una mantiki ambayo mtu aliyelipiga gitaa anaweza kuieleza hatua kwa hatua. Rangi huisha kwenye ukingo wa juu pale mkono wa kulia unapolala. Pembeni mwa pikapu, kidole gumba kinapoegemea. Mgongoni, mahali pa kifungo cha mkanda wa suruali. Chini ya kibao cha kinga, ambako jua halifiki, rangi hubaki kama ilivyotoka kiwandani, na mstari kati ya rangi iliyofifia na isiyofifia hufuata umbo la kibao chenyewe. Tangu miaka ya 1990 Fender wenyewe wanauza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi, na kuna watu wanaoyalipia zaidi kuliko yale yasiyo na alama. Hilo linathibitisha kwamba alama hazimfukuzi mnunuzi. Linathibitisha pia kwamba alama pekee hazitoshi, kwa sababu zinaweza kutengenezwa. Zinahitaji kuafikiana na tarehe, na lehemu, na maelezo ya mtu aliyeziweka.

Hata hivyo, historia nzuri haiokoi shingo mbovu. Nyuzi nne za besi zikiwa zimekazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kinachozuia shingo isipinde ni chuma kirefu kilichopitishwa ndani yake, na skrubu yake ikiwa imekazwa hadi mwisho huku shingo bado imepinda, gitaa hilo linahitaji kazi kubwa ya fundi. Kipimo ni rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Nafasi nyembamba ni afya. Nafasi ya kupitisha sarafu ni dalili ya ugonjwa. Muuzaji apige picha ya nafasi hiyo, aseme skrubu bado ina nafasi ya kukazwa kiasi gani, aonyeshe freti za mwanzo ambako nyuzi huchimba zaidi, na ataje uzito wa gitaa kwa kilo baada ya kulipima. Jambo la uzito wengi hulipuuza. Mpiga besi husimama na chombo begani saa nne au tano, na tofauti kati ya kilo 3.8 na kilo 4.8 huiona mgongo kabla ya sikio.

Magitaa ya mafundi wa siku hizi yana mambo mengine. Alembic ilianza California mwaka 1969. Fodera ilianzishwa Brooklyn mwaka 1983 na Vinny Fodera na Joey Lauricella, na gitaa jipya la daraja lao la juu linaweza kuzidi dola 10,000. Hapa umri haupandishi bei kama kwa Fender wa zamani. Mengi huuzwa kwa hasara dhidi ya bei ya kwanza, na kadiri mwenyewe alivyoliagiza kwa vipimo vyake, yaani nafasi kati ya nyuzi, upana wa shingo, idadi ya nyuzi, mbao za kupendeza macho yake, ndivyo wanunuzi wanavyopungua. Gitaa lililoshonewa mkono wa mtu mmoja linamtafuta mtu wa pili mwenye mkono kama huo, na inaweza kuchukua miezi kumpata. Ushahidi unaohitajika nao ni tofauti: karatasi ya fundi yenye orodha ya mbao na vifaa vilivyotumika, namba ya gitaa, na hali ya kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri ya volti 9. Betri iliyosahauliwa humo mwaka mzima huvuja na kula viunganishi. Picha ya chumba cha betri kikiwa safi inafanya kazi kuliko aya nzima ya sifa.

Wapo watakaosema kwamba kutaja kasoro ni kumpa mnunuzi silaha ya kupunguzia bei. Kwa kiasi fulani ni kweli, atapunguza. Swali ni atapunguza kiasi gani, na lini. Mnunuzi aliyeelezwa kwamba freti tatu za kwanza zimechimbika anaweza kumuuliza fundi gharama ya kuzibadilisha, na atakata gharama hiyo. Asiyeelezwa lakini akashuku hukata kwa kukisia, na makisio ya mtu mwenye hofu siku zote ni makubwa kuliko bili ya fundi. Aliyegundua baada ya kulipa hudai arudishiwe fedha, na gitaa lililorudishwa mara moja huuzwa kwa shida mara ya pili, hasa katika jamii ndogo ya wapiga besi ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Kunyamaza kunaleta faida iwapo tu mnunuzi hajui kitu na hatajua kamwe. Kwa gitaa la bei ghali mnunuzi wa namna hiyo ni nadra, kwani anayetafuta Jazz Bass la mwaka 1963 ameshasoma kuhusu lehemu kabla hajapiga simu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: mbona mapenzi ya watu wengine yanalipiwa? Mwaka 2020 gitaa la Fender Mustang Bass la mwaka 1969 lililokuwa la Bill Wyman wa Rolling Stones liliuzwa mnadani kwa dola 384,000. Mustang lilikuwa toleo la shingo fupi la bei ya chini, na lingine la mwaka huohuo lisilo na jina la mtu maarufu halifiki hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Ni kweli, jina lililipiwa. Lakini jina lililipiwa kwa sababu ushahidi uliambatana nalo: mwenyewe yu hai, ndiye aliyeuza, na hakuna aliyehitaji kuuliza gitaa lilikuwa wapi. Tuangalie upande wa pili. Mpiga besi Jaco Pastorius, ambaye Jazz Bass lake la mwaka 1962 lilikuwa halina freti na uso wa shingo yake umepakwa epoksi ya mashua, aliibiwa gitaa hilo New York mwaka 1986. Lilipojitokeza tena miaka 20 hivi baadaye, liliingia katika ugomvi wa umiliki, na mwaka 2010 Robert Trujillo wa Metallica ndiye aliyeisaidia familia kulirudisha. Gitaa ni lilelile na mikono iliyolipiga ni ileile, lakini kukatika kwa mlolongo wa umiliki kuligeuza hazina kuwa kesi. Precision la mwaka 1962 la mpiga besi James Jamerson, ambalo sauti yake imo katika nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown, liliibwa mwaka 1983 na halijulikani liliko. Mtu akilileta leo bila namba wala picha, atakuwa ameleta Precision la zamani na hadithi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuona haya yote ni mambo ya mbali. Mteja wake ni kwaya, bendi ya harusi, au kijana anayerekodi nyumbani; hawaulizi tarehe ya potenshomita, wanauliza kama linalia vizuri na kama bei ya mwisho ndiyo hiyo. Ana hoja. Hapa kwetu soko la vyombo vya muziki vyenye historia ni changa, na kuna sababu. Kwa miaka mingi vyombo vya bendi kubwa za dansi Tanzania vilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz Band, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na mikono yake, gitaa likabaki. Katika mfumo huo mpiga besi hakuwa na sababu ya kutunza risiti. Lakini mteja wetu naye ana hofu zake, na kubwa ni wizi, kwa sababu kununua mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, na gitaa ghali lisilo na karatasi huleta maswali. Risiti ya kwanza, karatasi za forodha, picha za mwenyewe akiwa nalo jukwaani mwaka hadi mwaka: hizo ndizo tarehe za potenshomita za soko letu. Kuna pia unyevu wa Pwani, unaotia kutu skrubu, freti na viunganishi vya ndani. Gitaa lililokaa Tanga au Mombasa miaka kumi likafunguliwa mbele ya mteja na kuonekana safi limejieleza lenyewe. Na kama kweli mnunuzi hataki ila kusikia, basi asikie: gitaa lichomekwe kwenye amplifaya bila vikolezo, lipigwe freti kwa freti kila uzi, hadi juu kabisa, ili sauti mfu na mikwaruzo ya umeme ijitokeze hapo hapo.

Anayetaka kuuza nje ya nchi akumbuke sheria. Magitaa mengi ya Fender ya miaka ya 1960 yana ubao wa vidole wa Dalbergia nigra, mti wa Brazil ulio jamii moja na mpingo wetu, na tangu mwaka 1992 mti huo umo katika orodha kali kuliko zote za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kulivusha mpaka kwa biashara kunahitaji vibali. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliwekwa chini ya udhibiti. Kuanzia mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa vyenye mti ule wa Brazil. Asiyejua ubao wa gitaa lake ni wa mti gani aulize fundi kabla ya kutangaza, kwa maana gitaa lililozuiwa forodhani halina bei.

Limebaki jambo la kumchagua mnunuzi. Wauzaji wengi wa magitaa waliyoyapenda hutamani yaende kwa mtu atakayeyapiga, wala si kwa tajiri atakayeyatundika ukutani, na wako tayari kupunguza bei kwa ajili hiyo. Sioni ubaya wowote. Muziki umeishi kwa watu wa namna hiyo. Ninachopinga ni kuchanganya mambo mawili kimyakimya, muuzaji akapunguza bei kwa huruma kisha akategemea heshima isiyosemwa, kwamba kijana hataliuza tena, hatabadilisha pikapu, atampigia simu kila anapopanda jukwaani. Bei ya soko itajwe kwanza, kwa namba. Kisha kiasi kinachosamehewa kitajwe, nacho kwa namba, na kijana aambiwe kwamba hicho amepewa na kwamba kuanzia leo gitaa ni lake kabisa. Vyote viandikwe kwenye hati ya mauzo pamoja na namba ya gitaa, tarehe na saini za pande zote mbili, na nakala iwekwe ndani ya kasha pamoja na picha za kisigino cha shingo, risiti za fundi na bisibisi ya kukazia shingo, kwa sababu kijana naye siku moja atakuwa muuzaji.